Kutu Haifichwi kwa Rangi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Muhula wa pili wenzangu wengi mliniuliza kwa nini niliripoti shuleni wiki 2 baada yenu. Kuna waliovumisha ati nilikuwa mgonjwa. Wengine wakasema nimetoroka shule. La hasha! Sikuwa mgonjwa wala mtoro. Karo yangu ililiwa na kutu. Naandika makala haya mjue ilivyokuwa, na ili siku mzazi au mjomba wako atakapotaka kununua gari, asije akalia kilio tulicholia sisi.

Baba yangu ni mchuuzi wa mboga. Kwetu ni Wundanyi, juu kabisa katika milima ya Taita. Kwa miaka mingi alikuwa akikodi gari la watu kupeleka kabichi na nyanya katika soko la Kongowea, Mombasa, na faida karibu yote ikawa inaishia mfukoni mwa mwenye gari. Basi alipopata mkopo wa chama chao, alijumlisha na akiba yake akanunua lori dogo la tani 3 kutoka kwa mtu mmoja huko pwani. Lilipoingia nyumbani Mama alipiga vigelegele, nao wadogo zangu wakalizunguka wakishangilia. Juu lilikuwa la buluu, na chini lilipakwa rangi nyeusi tititi kama limetoka kiwandani jana. Kumbe weusi huo wa chini ndio uliotuponza.

Hazikupita siku 10. Baba alikuwa akiteremka ile barabara ya makona kuelekea Mwatate, lori limejaa kabichi, naye utingo ameketi kando yake. Alipokanyaga breki, kanyagio likazama karibu lote na lori likapungua kasi kidogo tu. Kwa rehema za Mungu alikuwa katika gia ndogo. Akalielekeza lori upande wa mlima, akavuta breki ya mkono, likajibamiza kwenye ukingo wa udongo na kusimama. Hakuna aliyeumia. Upande wa pili wa barabara ulikuwa bonde.

Lori lilivutwa hadi gereji. Fundi akaingia chini na tochi na nyundo. Mimi nilikuwa nimefunga shule, nikaingia naye. Bomba la breki, lile jembamba la chuma linalopeleka oili kwenye magurudumu ya nyuma, lilikuwa limetoboka. Kisha fundi akaanza kugonga chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Mahali pengine nyundo ililia ngaa! Mahali pengine ikasema pu, kama unagonga gogo bovu. Alipochokoa hapo kwa bisibisi, ile rangi nzuri ikabanduka kama ganda la yai, na bisibisi ikazama ndani.

"Mzee," akamwambia Baba, "gari hili limebeba nini kabla yako?"

Baba akampigia simu aliyemuuzia. Alipobanwa, akakiri kwamba lori lilikuwa likibeba chumvi kutoka upande wa Gongoni, Kaunti ya Kilifi, ambako maji ya bahari huachwa juani mpaka yanakauka na kubaki chumvi. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Sasa, chumvi na chuma vina ugomvi gani? Mliosoma kemia ya kidato cha kwanza mnakumbuka jaribio la misumari. Msumari uliomo ndani ya hewa kavu haushiki kutu. Uliomo ndani ya maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta haushiki kutu pia, kwa sababu hewa haifiki. Wenye maji na hewa hushika. Nao uliotiwa ndani ya maji ya chumvi hushika haraka zaidi. Yaani kutu huhitaji vitu 2: maji na oksijeni. Chumvi huja kuchochea tu, kama yule rafiki asiyepigana bali hushangilia ngumi.

Huchochea vipi? Chuma kinapoliwa, sehemu moja hutoa elektroni na sehemu nyingine huzipokea, kama betri ndogo. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, kwa hiyo betri hiyo hufanya kazi kwa kasi. Tena chumvi hufyonza unyevu kutoka hewani. Hata siku ya jua kali, chumvi iliyojificha pembeni mwa chesisi hukiweka chuma majimaji. Na jambo baya zaidi, kutu haikingi chuma kilicho chini yake. Huvimba, hubanduka kama magamba, kisha chuma kipya hubaki wazi na kuliwa tena. Ukipaka rangi juu ya kutu yenye chumvi, umeufunika unyevu ndani. Mwenye gari haoni kitu, nayo kutu inaendelea na chakula chake.

Jioni ile pale gereji alikuwako fundi mwingine aliyejifanya kumhurumia Baba. Alimnong'oneza hivi: "Mzee, usijisumbue. Badilisha hilo bomba moja, tupige rangi nyeusi tena, ulipeleke mnadani. Kwa wiki moja utakuwa umerudisha pesa zako."

Baba hakumjibu. Tulirudi nyumbani kimya. Usiku nilimsikia akimweleza Mama habari hiyo, na nisiwafiche, mimi nilitamani akubali. Karo ilikuwa haijalipwa na mkopo ulikuwa unadai. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Huyo atakayelinunua, yeye hana watoto?" Habari ya mnada ikaishia hapo. Asubuhi Baba alichukua pesa za karo akazipeleka gereji, akaniambia, "Mwanangu, utaenda shule ukiwa umechelewa, lakini utaenda." Na kwa kuwa nilikuwa nyumbani, nikawa msaidizi wa fundi bila malipo. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, usalama. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza. Weka stendi imara au magogo mazito, na uzuie magurudumu kwa mawe. Ukikwangua kutu vaa miwani na ufunike pua na mdomo.

Pili, kuosha. Tuliosha chini yote kwa maji matamu ya kasi, tukachokoa matope pembeni na kuzibua vile vitundu vya kutolea maji. Kisha tuliliacha likauke kabisa. Ukiharakisha hapa, kazi yote iliyobaki ni bure.

Tatu, kupambanua. Fundi aligawa kutu katika mafungu 3 kwa kutumia chaki. Kuna kutu ya juu juu, nyekundu kama vumbi, ambayo hutoka kwa brashi ya waya na msasa. Kuna ya magamba, ambayo imekula lakini chuma kingali kizima chini yake. Hii hukwanguliwa kwa grainda mpaka chuma king'ae, na vishimo vinavyobaki hupakwa dawa yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu iliyosalia kuwa tabaka gumu jeusi. Fungu la 3 ni chuma kilichooza, kile kinachoingia bisibisi. Hicho hakina dawa. Hukatwa mpaka kufikia chuma kizima, kisha kipande kipya chenye unene uleule huchomelewa. Kuchomelea juu ya kutu ni kushona kiraka kwenye kitambaa kilichooza. Na kabla ya kuchomelea, fundi alifungua waya za betri na kuondoa tangi la mafuta.

Nne, mabomba ya breki. Haya hayakwanguliwi wala hayapakwi rangi. Hubadilishwa. Fundi aliyabadilisha yote, si lile moja lililotoboka, akatia yale ya mchanganyiko wa shaba na nikeli ambayo hayashiki kutu. Kisha wakatoa hewa ndani ya breki.

Tano, kukinga. Sasa ndipo rangi ilipopata ruhusa: praima yenye zinki kwanza, halafu rangi ngumu, halafu nta ya majimaji ikapulizwa ndani ya pembe ambazo brashi haifiki. Vitundu vya maji vikaachwa wazi. Kuna madereva wanaopaka oili chafu ya injini. Fundi wetu alikataa, kwa sababu hudondoka na kuchafua udongo, tena huharibu bushi za mpira.

Kazi ilichukua siku 9. Sasa hivi kila Baba anaporudi kutoka Mombasa, ambako hewa ya bahari nayo ina chumvi, lori huoshwa chini kabla ya juu. Wadogo zangu huona jambo hilo kama kichekesho. Mimi sicheki.

Wewe unayetarajia kununua gari kuukuu, usilitazame kama bibi arusi, uso tu. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Lala chini, umulike. Ukiona gari la miaka mingi lina rangi mpya nyeusi chini, jiulize inaficha nini. Omba ruhusa ya kugonga na kuchokoa. Anayekukatalia amekujibu tayari. Angalia mabomba ya breki, mahali springi zinaposhikwa, na mahali ambapo bamba 2 za chuma zimebanana, maana hapo ndipo matope na chumvi hulala. Tena uliza gari lilikuwa likibeba nini: chumvi, samaki wa barafu, mbolea? Fanya hayo yote kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Juzi mtu mmoja wa Mwatate alimwuliza Baba kama anaweza kuliuza lile lori. Baba alimpa tochi na nyundo, akamwambia, "Ingia chini ujionee mwenyewe, kisha tutaongea."

Hapa natia nanga. Na nyinyi mliosema nilitoroka shule, nawasamehe.