Mashini inazima saa moja ya mangaribi: tuanzie wapi?

Siku ya posho iliyopita tuliingia katika lupango moja kule Katuba. Mama mwenye nyumba ndiye alituita. Mule ndani, mutoto wake wa miaka 17 alikuwa amekaa mbele ya ordinatere yenye ekra nyeusi, mikono kwenye magoti. Baba yake, fundi wa umeme katika mugodi, alikuwa nje anaosha buti, na hakutaka kuingia.

Habari yao ni hii. Mwaka uliopita, papa alipopokea primi, akaongeza na zamu ya mama ya likelemba, wakanunulia mutoto ordinatere ya okazio yenye karte grafike, yaani ile kipande kinachotengeneza picha za ekra. Mutoto anacheza nayo mupira na magari, kweli, lakini anachora pia plani za nyumba za masomo yake ya ujenzi, na wakati wa ndoa anapanga video za watu, wanamulipa. Tangu Septemba mashini ilianza kuzima yenyewe. Fundi mmoja wa mujini aliiangalia dakika tano, akasema: karte imeungua, leteni dola 140 kwa karte ingine. Papa alikasirika. Akasema michezo njo imeua mashini, ataiuza vipande vipande. Na mutoto naye akajibu kwamba kama ni hivyo, ataacha masomo, atafuata marafiki zake ku karyeri kubeba mifuko.

Mama alituambia kwa sauti ya chini: « Miye sijue mambo ya ordinatere. Lakini ile neno ya karyeri, njo iliniondoa usingizi. »

Tuliketi nao mpaka usiku. Tunaandika hapa tulichokiona, juu tunajua katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna mashini kama ile, na kuna ugomvi kama ule.

Swali la kwanza: inazima saa ngapi?

Hatukufungua kitu kwanza. Tuliuliza. Mutoto alisema inazima karibu kila siku mangaribi, kati ya saa moja na saa tatu, anapoanzisha mchezo. Na usiku wa manane? Akatazama mlango, akasema polepole kwamba usiku wa manane, papa akiwa ku zamu, alikuwa anacheza saa mbili nzima bila shida.

Papa alisikia lile neno kutoka nje. Akaingia na buti moja mukononi. Tulifikiri atamupiga. Kumbe alisema: « Kama inatembeaka usiku, basi karte haikufa. Ku kazi, pompi ikikataa, hatuanzake ku pompi. Tunaanzaka ku kuran. »

Akaenda kuchukua multimetre yake. Katika prizi ambayo ingepaswa kuwa na volti 220, saa moja na robo ya mangaribi ilisoma 171. Ampuli ya sebule ilikuwa nyekundu kama embe. Ni saa ambayo kartie nzima inapika bukari na resho za umeme. Kila nyumba inavuta kwenye kable ileile, na kuran inashuka. Usiku, resho zikizimwa, inapanda tena.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na haina bei: kuwa na daftari. Andika saa, andika ulikuwa unafanya nini, andika mashini ilifanya nini. Windows nayo ina daftari yake ya matukio. Ukikuta humo Kernel-Power namba 41, maana yake mashini ilizimika bila kuagwa. Haisemi juu ya nini, lakini inakuambia utafute upande wa kuran au joto kwanza.

Soma alama, kila ugonjwa una yake

Kama mashini inazima mara moja, kama mutu aliyekata kuran, shuku prizi, alimantasio (ile sanduku ndogo ya ndani inayogeuza kuran ya nyumba), au joto lililozidi.

Kama mchezo unaanza muzuri, kisha baada ya dakika kumi unakwamakwama na vantilatere zinalia kama kamyo inapanda mulima, ni joto.

Kama unaona madoa, mistari au rangi za ajabu tangu ekra ya kwanza, hata Windows haijafika, karte yenyewe iko mugonjwa, mara nyingi upande wa memori yake. Hapo fundi wa Katuba angekuwa na haki.

Kama mashini inawaka lakini ekra inabaki nyeusi, angalia kwanza kable ya ekra imeingia wapi. Wengi wanaichomeka juu, kwenye tundu la karte mama, na karte grafike iko chini inangoja bure. Kama ni sawa, zima, chomoa, toa karte, pangusa meno yake ya dhahabu na kifutio cheupe cha shule, rudisha mpaka usikie klik. Fanya hivyo pia kwa baa za memori.

Na kama ni mchezo mumoja tu unaoanguka, mingine inatembea, mara nyingi vifaa viko vizima. Tafuta upande wa programu.

Hesabu ambayo papa aliifanya

Tulichomoa kable, tukabonyeza kitufe cha kuwasha ili kumaliza kuran iliyobaki ndani, tukafungua ubavu wa boiti. Papa alitaka kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye alimantasio. Kwa herufi kubwa: wati 500. Lakini chini, kwa herufi ndogo, kwenye mustari wa volti 12, waliandika ampere 18.

Yeye hesabu hiyo anaifanya kila siku ku kazi: volti mara ampere ni wati. 12 mara 18 ni 216. Na karte grafike na prosesere vinakula karibu vyote kwenye huo mustari wa volti 12. Karte yao inaomba wati 120, prosesere 65. Hiyo ni 185. Ongeza diski na vantilatere, na kumbuka kwamba karte, mchezo ukichachamaa, inavuta kwa kuruka, si kwa utulivu. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kuran ya nyumba ikishuka mpaka 171, alimantasio dhaifu inachoka, inajizima. Usiku kuran ikiwa imara, inavumilia.

Ukinunua karte, jua hesabu hii: tundu la karte mama linatoa wati 75 tu. Kable ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Karte yenye pini 8 inaweza basi kufika 225. Usidanganyike na namba kubwa ya juu ya alimantasio. Soma mustari wa volti 12.

Maneno mawili ya hatari. Alimantasio yenyewe usiifungue: ndani kuna vipande vinavyoshika kuran hata baada ya kuchomoa. Na kama nyuma yake kuna kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230, kisiguswe na watoto. Ukikiweka 115 kwenye prizi ya 220, italipuka.

Vumbi letu jekundu

Hapo tuliona jambo la pili. Kwenye mapezi ya karte kulikuwa vumbi la kiangazi, nene kama blanketi. Tangu Mei mpaka mvua zirudi, Lubumbashi yote inapumua vumbi hilo, na vantilatere zinalivuta mchana na usiku. Kabla ya kusafisha, tuliwasha na kupima: dakika kumi za mchezo, karte ilifika digri 93.

Tulitumia brashi mpya ya rangi na pompi ya kinga. Shika vantilatere na kidole isizunguke unapopuliza. Usitumie kitambaa chenye maji. Kisha mutoto akatoa skrubu nne, akafuta ile pate iliyokauka kama udongo juu ya chipu, akaweka pate mupya, tone moja kama punje ya maharagwe madogo. Chini ya mapezi kulikuwa mabomba mekundu yanayong'aa. Papa akayagusa: « Ile ni shaba. » Ndiyo, ni shaba, na inawekwa pale juu inapitisha joto kushinda aliminiomu. Shaba ya mashini hii ilitoka mugodi gani, hakuna anayejua, lakini papa aliitazama muda mrefu.

Baada ya kusafisha: digri 74.

Karte iliyokuwa mchimbaji

Mutoto alituuliza kama karte yake ni ya kweli. Ni swali zuri. Kuna karte za zamani ambazo watu wanabadilisha jina ndani yake, zinajitangaza kuwa za mupya zaidi. Ni kama mununuzi wa madini anayekuambia teneri ya uongo: ukikosa apare yako ya kupimia, utamwamini. Apare ya hapa ni programu ndogo ya bure, GPU-Z. Inasoma chipu yenyewe na mara nyingi inatambua karte ya uongo. Itumie mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa. Ya mutoto ilikuwa ya kweli.

Ila vantilatere yake moja ilikuwa imelegea kwa kazi nyingi. Tulimueleza kwamba karte nyingi za okazio zilikuwa zinafanya kazi mchana na usiku katika mahangari, kutafuta pesa za kripto. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha njia yake ya kazi, karte hizo zikakosa kazi, nyingi zikauzwa. Hiyo kazi nayo inaitwa kuchimba. Papa akacheka kwa mara ya kwanza siku ile: « Kumbe hata ile karte ilikuwaka mchimbaji! Basi imechoka sawa sisi. »

Karte ya namna hiyo si lazima iwe mbaya. Safisha, badilisha pate, sikiliza vantilatere, ipime saa moja mbele ya muuzaji.

Kabla ya kununua kitu, piloti

Kama alama zinaonyesha programu, futa piloti ya zamani kabisa na programu ya bure Display Driver Uninstaller, Windows ikiwa katika « mode sans échec », kisha weka mupya kutoka kwa NVIDIA au AMD wenyewe. Inakula zaidi ya mega 500, basi ngojea forfe ya usiku. Na punguza vivuli ndani ya mchezo. Vivuli vinachosha karte sana.

Walichonunua

Jumatatu papa alitafuta alimantasio ya okazio kutoka mashini ya biro iliyokufa, yenye ampere 34 kwenye volti 12: dola 15. Na stabilizatere ya VA 1000: dola 30. Jumla 45, badala ya 140 kwa karte ambayo haikuwa na kosa.

Stabilizatere inainua kuran iliyoshuka, haikingi delestaji. Kuran ikikatika, chomoa, na ikirudi ngoja dakika tano, juu mara nyingi inarudi kwa nguvu. Radi ikianza, chomoa yote, pamoja na kable ya intaneti. Na kama ukigusa boiti inakuchoma vidole, prizi yako haina ardhi: ita fundi wa umeme aweke fimbo ya shaba mu udongo. Hilo si la kuahirisha, mu nyumba yenye watoto.

Tulirudi Jumanne, saa moja ya mangaribi. Ampuli ilikuwa nyekundu, resho zinawaka kartie nzima. Mutoto akaanzisha mchezo. Mama aliacha bukari yake motoni, akasimama mulangoni. Papa alishika multimetre, anasoma kwa sauti: « 174... 169... 172. » Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Mashini haikuzima.

Papa akachomoa multimetre yake. « Muzuri. Sasa funga mchezo, nionyeshe ile plani ya nyumba. »