Kutu Chini ya Land Rover: Fundi Asiifunike



Wengi wetu tuliofanya kazi katika mashamba ya chai twaijua Land Rover kwa migongo yetu. Tumepanda nyuma yake pamoja na magunia ya mbolea na mapipa ya dawa, tukashuka nayo mitelemko ambayo lori halithubutu. Leo motokaa hizo ni za kale. Wako watu wenye fedha wanaozitafuta ili zitengenezwe upya na kung'arishwa, na nyingine bado zinachukua watu kama zamani. Hizi na zile huletwa kwa fundi mmoja, na tatizo lake ni moja. Nami nimefanya kazi ya gereji miaka mingi, kwa hiyo nimeona niwaandikie mafundi wenzangu, na ninyi mnaopanda, juu ya chuma cha chini ambacho mnunuzi hakioni.

Kwanza tuifahamu motokaa yenyewe. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, basi kampuni ya Rover ikaitengeneza bodi yake kwa mabamba ya alumini. Ndiyo sababu Land Rover ya 1965 waweza kuikuta imebonyea kila upande wala haina kutu mlangoni. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Chesisi yake ni chuma. Ule ukuta ulio baina ya injini na dereva, pamoja na mahali anapoweka miguu, nao ni chuma. Na ukuta huo si pazia la kuzuia joto tu: milango imening'inia hapo, usukani umeshikizwa hapo, na pedeli za breki na klachi zimefungwa hapo. Ukioza, dereva hukanyaga breki na nguvu ya mguu wake ikaishia katika kukunja bati.

Nayo chesisi si nondo nzima kama wengi wanavyodhani. Ni mabamba manne yaliyochomelewa pamoja yakawa sanduku refu, tupu ndani. Maji na matope huingia kwa matundu madogo, hukaa humo, hukauka polepole. Kutu huanzia ndani ikaja nje. Ukiona tundu la ukubwa wa shilingi, ujue ndani kimeliwa chuma cha ukubwa wa sahani. Kwetu mashambani yuko adui wa pili, nayo ni mbolea. Chumvi zake hunyonya unyevu na kuiharakisha kutu, na sisi ndio tuliokuwa tukiipakia nyuma, gunia likipasuka tukafagia nusu, nusu ikaanguka juu ya chesisi.

Nitasema jambo ambalo silipendi kulisema. Nilipokuwa kijana katika gereji ya shamba moja karibu na Fort Portal, ililetwa Land Rover iliyokuwa ikichukua wachumaji. Sakafu ya dereva ilikuwa imetoboka, barabara ikionekana. Nyapara wa gereji akaniambia, "Kijana, hiyo motokaa itoke kesho asubuhi." Nikakata debe la mafuta ya kupikia, nikalipiga ribiti juu ya tundu, nikapaka lami. Ilipendeza. Nikatia sahihi katika kitabu. Chesisi sikuigonga hata mara moja. Baada ya majuma machache, kishikio cha springi ya nyuma kiling'oka pamoja na kipande cha chesisi, motokaa ikalala ubavu ndani ya chai. Mama mmoja alivunjika mkono wa kulia, naye alilipwa kwa kilo anazochuma. Katika karatasi ya ajali iliandikwa kwamba dereva alikwenda kwa kasi. Akapoteza kazi. Katibu wa tawi la chama aliomba kile chuma kilichong'oka kiletwe mezani, akajibiwa kwamba kimekwisha tupwa.

Tangu hapo sianzi na sakafu. Naanza na nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Chuma kizima hulia kikigongwa, kilichooza hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Gonga chuma cha kukingama cha nyuma kabisa, gonga pande zote za vishikio vya springi, gonga ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, kisha upande wa juu wa chesisi palipofichwa na tangi, maana hapo matope hulala miaka. Halafu ingia ndani, inua mpira wa sakafu. Bisibisi ikipenya kwa nguvu ya mkono tu, pale hapana chuma, hata kama pana rangi.

Kabla ya kukata, ilaze motokaa sawasawa juu ya stendi au magogo imara, kamwe si juu ya jeki. Pima kwa kamba kutoka kona hadi kona ya chesisi, kwa mshazari, pande mbili, uandike. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Ukikata sakafu yote na miguu ya ukuta kwa pamoja, motokaa hujikunja yenyewe, na utakapokuja kutia milango utakuta haifungi tena. Mimi huutundika mlango mahali pake kabla sijachomelea kwa uhakika. Mlango hausemi uongo.

Sasa ukataji. Hapa ndipo ubahili unapomponza fundi. Hukata tundu peke yake, akaweka kiraka, na kiraka kikashikwa na chuma chembamba kama karatasi, ambacho moto wa kuchomelea hukiyeyusha. Endelea kukata mpaka ukute chuma cheupe kinachong'aa, hata kama tundu la shilingi limekuwa la dirisha. Kwa chesisi natumia bamba la milimita 2, si debe, wala bati la nyumba. Kona za kiraka nazizungusha zisiwe na ncha. Nachomelea nukta moja huku, nyingine kule, napumzisha, ili joto lisipinde bamba, kisha ndipo naziunganisha nukta hizo. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, maana wako wanaoyaziba wakidhani wanatengeneza. Rangi ya zinki nje, na mafuta mazito yamiminwe ndani ya sanduku mpaka yatoke upande wa pili.

Puti na lami? Puti ni ya kulainisha bonyeo mlangoni. Juu ya kutu huficha tu, na chini yake chuma huendelea kuliwa.

Na mwili wa fundi je? Katika Land Rover nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, shubiri chache kutoka pale unapochomelea. Litolewe kabisa, lipelekwe mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki humo ndio unaolipuka. Fungua betri. Angalia paipu ya breki inayopita juu ya chesisi. Asiwepo mtu peke yake: mmoja achomelee, mwingine asimame na ndoo ya mchanga au kizimamoto. Ukikuta bati lenye zinki, ondoa zinki kwa grenda kwanza, ukiwa umejifunika pua, kisha uchomelee mahali penye upepo, kwa maana moshi wake huleta homa usiku huohuo, na wenzetu huidhania malaria. Miwani, glavu na aproni ya ngozi si zawadi ya meneja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Fundi anayechomelea kwa kufumba jicho aulize tawi lake.

Kazi hii yote kwa motokaa moja yaweza kuchukua majuma, na mwenye mali hulalamika kwamba rangi peke yake ingemtosha. Mwezi uliopita mmoja aliniambia, "Mzee, nani ataona huko chini?" Nikampeleka kwenye kona ya gereji yangu. Pale pana sanduku la mbao. Kila kipande kilichooza nikikatacho hukifunga waya na kibao chenye namba ya motokaa na tarehe. Alikichukua kile cha kwake, kikamvunjikia vidoleni. Akaniuliza siku ngapi.