Ndinga kali si kitu bila matairi: Soma hapa kabla hujaingia uwanjani

Kama umewahi kuendesha kuelekea Konza Jumapili alfajiri, unakijua kishawishi chenyewe. Ukishapita Athi River na kuiacha njia panda ya Machakos, nyanda zinafunguka pande zote, lami inanyooka, na mguu wa kulia unaanza kuwasha.

Tuambiane ukweli mapema. Barabara ya Mombasa si uwanja wa mbio. Hapo kuna malori ya bandarini, matatu, boda na watu wanaovuka kwa miguu. Hata barabara za jiji jipya la Konza, zikionekana tupu kiasi gani, bado ni barabara za watu. Ukitaka kujua gari lako linaweza nini, lipeleke uwanjani, kama vile Whistling Morans upande wa Athi River, ambako hakuna lori litakalokujia uso kwa uso.

Sasa, swali ambalo vijana wengi huliacha hadi dakika ya mwisho: utaingia na matairi gani?

Wengi wetu pesa huishia kwenye eksosi, turbo na rimu. Lakini fikiria hivi: sehemu ya tairi inayogusa lami hailingani hata na karatasi ya daftari, ni karibu ukubwa wa kiganja. Una viganja vinne tu. Nguvu zote za injini, breki zote na kila kona unayokata hupitia hapo. Hata uwe na WRX STI au Golf GTI, hapo pakiteleza mengine yote ni kelele.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi. Tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu kadiri unavyozeeka, hata kama mifereji inaonekana mipya. Kwa hivyo usidanganywe na tairi la mtumba linalong'aa.

Kisha angalia kama pameandikwa STUDLESS, au kama uso wa tairi umejaa vijimistari vidogo vya zigizaga. Magari mengi yanayotoka Japani huja na matairi hayo, yaliyotengenezwa kwa theluji na barafu. Mpira wake ni laini mno. Kwenye lami iliyochomwa na jua la Machakos, mizunguko michache tu ya kasi inatosha kuupasha moto hadi ukaanza kumeguka. Hayo usiingie nayo uwanjani, buda.

Kuna pia herufi ya kasi. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Si ruhusa ya kufika huko. Ni kipimo cha kasi ambayo tairi limejengwa kuistahimili.

Mwisho, tafuta neno TREADWEAR na namba yake. Namba kubwa humaanisha tairi hudumu, na ndogo kwa kawaida humaanisha mpira laini unaoshika zaidi lakini unaisha haraka. Michelin Pilot Sport 4S lina 300, Yokohama Advan Neova AD09 lina 200, na Michelin Pilot Sport Cup 2 lina 180. Kumbuka kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hivyo namba hizi si mizani kamili kati ya kampuni na kampuni.

Je, uchukue lipi? Kama ndio unaanza, chukua la aina ya kwanza. Linashika vizuri, linavumilia mvua, na zaidi ya yote linakuonya: hupiga kelele kabla halijaachia. Tairi la kushika sana hukuficha makosa yako hadi ukiwa kwenye kasi kubwa, halafu linaachia ghafla. Pesa utakazookoa, nunua pedi na mafuta mapya ya breki.

Matairi kama Cup 2 yana mifereji michache na ya kina kifupi. Siku ya jua ni noma kweli. Lakini kumbuka lazima uendeshe hadi nyumbani. Mvua za Machi hadi Mei, au za Oktoba hadi Desemba, zikikukuta jioni kwenye Barabara ya Mombasa, tairi hilo litashindwa kutoa maji na gari litaelea. Hapo usukani hauna kazi.

Kwa wenye Subaru na Evo zinazovuta kwa magurudumu yote manne: badilisha yote manne, ya aina moja. Mawili mapya na mawili yaliyochakaa huzunguka kwa kasi tofauti, na difrenshali ya katikati ndiyo italipa.

Tukija kwa upepo, beba kipimo chako mwenyewe. Presha hupanda takriban psi moja kwa kila nyuzi sita za joto. Ukijaza 33 asubuhi ya baridi, baada ya mizunguko kadhaa unaweza kukuta 40. Tairi linavimba na kuanza kuteleza. Pima mara tu unapotoka, likiwa bado moto, kisha upunguze kidogo kidogo. Chora chaki kwenye bega la tairi: ikifutika hadi ubavuni, umepunguza kupita kiasi.

Hapa ndipo wengi hujisahau. Tairi ulilolipunguza likiwa moto litakuwa na upepo mdogo mno likipoa. Kwa mwendo wa barabara kuu, hujikunja, hupata joto na linaweza kupasuka. Kabla ya kuondoka uwanjani, acha yapoe, kagua kama kuna vidonda au waya umetokeza, kaza nati, kisha jaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wenzako wakikuharakisha, waache watangulie.