Ndege ya Jeshi Ikiwaka Moto Angani: Kweli au Si Kweli?

"Ndege ya jeshi ikiwaka moto angani, ujue imetunguliwa."
SI KWELI. Utayasikia haya vijiweni kuanzia Mwanjelwa hadi Ipogolo, na hata majeshi makubwa yameshawahi kuzushiwa hivyo. Tarehe 2 Septemba 2006, Nimrod XV230 ya jeshi la anga la Uingereza ililipuka karibu na Kandahar, Afghanistan. Wote 14 waliokuwemo walikufa. Taliban wakatamba kwamba wao ndio walioiangusha.

Wachunguzi walikuta jambo jingine kabisa. Ndege ilikuwa imetoka kujazwa mafuta angani. Mafuta yakavuja hadi kwenye bomba linalopitisha hewa ya moto ya injini, tena kwenye uwazi usio na king'ora cha moto wala kizimamoto. Ripoti ya mwanasheria Charles Haddon-Cave ya mwaka 2009 iliwabana waliokagua usalama wa ndege hiyo mezani, wakiamini tangu mwanzo kwamba ni salama kwa sababu imeruka zaidi ya miaka 30. Kwangu hilo ndilo linalouma kuliko yote: hatari ilikuwepo siku zote, na watu walilipwa waitafute.

"Huku kwetu juu hewa ni nyepesi na kuna baridi, moto hauwezi kushika."
SI KWELI. Nimrod iliwaka ikiwa juu zaidi ya mara mbili ya Mlima Rungwe. Hewa ya juu ni pungufu, lakini sehemu yake ya oksijeni ni ileile, kama asilimia 21, na upepo unaopenya kwenye ndege huchochea moto. Aliyeona moto ukikimbia msitu wa Sao Hill wakati wa kiangazi anajua upepo unavyofanya.

"Rubani ana muda wa kutosha kutafuta uwanja."
SI KWELI. Marubani wa XV230 waligeuza mara moja kuelekea Kandahar. Tangu onyo la kwanza hadi mlipuko zilipita dakika kama 6 tu.

"Injini 4 zikiwepo, moja ikiwaka hakuna shida."
SI KWELI. Machi 9, 2009, Ilyushin Il-76 iliyokodiwa kupeleka mizigo kwa walinda amani wa Mogadishu iliruka kutoka Entebbe, injini ikaripotiwa kuwaka, ikaanguka Ziwa Victoria. Wote 11 walikufa. Uchunguzi wa Uganda ulibaini injini zote 4 zilikuwa zimepita muda wake wa kutumika.

"Kipande cha ndege iliyoanguka ni chuma chakavu tu."
SI KWELI, na hili nawasihi wa Mufindi, Mbarali na kwingineko. Alama ya moto kwenye bomba moja inaweza kueleza chanzo chote, na ndege ya jeshi huenda ina risasi au mabomu. Usiokote, usikaribie. Piga 114, uwaite Zimamoto.