Karasha Lilibaki, Kigida Kikawekwa Kando

Vijana wangu wa Katoro, Nyarugusu, Kahama na Mwadui, shuleni mnafundishwa kuwa mjasiriamali ni mtu anayeona tatizo akalitafutia dawa. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo inayowashinda wengi: watu waendelee kuitumia dawa hiyo baada ya gari la mradi kugeuza na posho ya semina kuisha. Kisa cha jambo hili tunacho hapa hapa nyumbani, hatuna haja ya kukiazima ng'ambo.

Twendeni Rwamagasa, wilayani Geita. Mawe yenye dhahabu yanapandishwa kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yakiwa ndani ya viroba. Zamani yalitwangwa kwa mikono kwenye vinu vya chuma, kutwa nzima, vumbi likiingia kifuani. Likaja karasha: pipa zito la chuma lenye gololi ndani yake, linazungushwa na injini, jiwe linatoka likiwa unga. Unga huo unapelekwa mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, unamiminwa na maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia. Dhahabu kwa kuwa ni nzito inanasa kwenye nyuzi, na mchanga unateremka. Mchanga huo ndio marudio, na bado una dhahabu.

Hapa ndipo penye akili ya biashara. Mchimbaji aliyetoka duarani hana fedha mfukoni, ana mawe tu. Mwenye karasha analijua hilo. Kwa hiyo mara nyingi anamsagia kwa malipo madogo, au bila kumdai hata senti, kwa sharti kwamba marudio yabaki kwake. Yakishakuwa mengi anayauza, au anayapeleka kwenye matangi ya sayanaidi yakachenjuliwe upya. Mchimbaji amepata dhahabu yake siku hiyo hiyo, na mwenye karasha ameweka akiba yake uani. Hakuna aliyeitwa kwenye semina ili ashawishike kulipenda karasha. Likiharibika, fundi wa kuchomelea yuko jirani.

Sasa tuje kwenye zebaki. Mchanga ulionasa kwenye magunia unatiwa kwenye karai, zebaki inamiminwa humo, mtu anasugua kwa mkono mpaka zebaki ishikane na chembe za dhahabu. Kisha anakamua kwenye kitambaa. Linabaki donge dogo, jeupe kama fedha. Donge linawekwa kwenye kijiko juu ya mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Inapanda hewani, na kijikoni inabaki dhahabu. Mvuke wake hauonekani wala hauna harufu ya kukuonya. Ukivutwa mara kwa mara unadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mama mjamzito akiuvuta unamfikia mtoto aliye tumboni. Hili linaniuma kila ninapoona mtu anachoma donge mahali watoto wanapocheza.

Kati ya mwaka 2002 na 2007, Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, UNIDO, uliendesha mradi wa kupunguza zebaki katika nchi sita: Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Zimbabwe na Tanzania. Kwetu mradi ulifika Rwamagasa. Miongoni mwa vifaa vinavyohimizwa kwa kazi hiyo ni chombo cha kuchomea kilichofungwa, ambacho hapa nchini huitwa kigida. Donge linafungiwa ndani, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, zebaki inadondoka kwenye maji tayari kutumika tena. Kikitumika vizuri kinarudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Kipo, kinafanya kazi, kinaokoa maisha. Kwa nini basi hakikuenea kama karasha?

Tusogee pale donge linapochomwa. Yupo mwenye duara, yupo mtu wa mwenye leseni, wapo vijana walioshinda chini ya ardhi, na wote wanasubiri mgao. Macho yote yako kwenye kijiko. Kwa watu hawa kutazama ndiyo risiti. Ukilichukua donge ukalifungia kwenye chuma, umewanyang'anya risiti yao. Nani atajua kilichobaki mle ndani? Halafu ukichoma kwenye chuma, mara nyingine dhahabu inatoka na rangi ya kahawia, na mnunuzi anaitumia rangi hiyo kushusha bei. Tena kigida huchukua muda mrefu kuliko mkaa mtupu, na jua linazama watu wakitaka kwenda zao.

Kuna sababu nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote. Machimboni, mara nyingi zebaki inatoka kwa mnunuzi wa dhahabu. Anampa mchimbaji bure au kwa mkopo ili dhahabu isiende kuuzwa kwa mwingine. Mwambie mchimbaji huyo kwamba kigida kitaokoa zebaki: unamwambia atoe fedha na muda wake kuokoa mali ya mtu mwingine. Afya yake inadhurika polepole, mgao ni leo. Msimwite mjinga kwa hilo. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa mujibu wa mambo yalivyopangwa.

Wapo waliojaribu upya. Wengine walitengeneza kigida kwa vipande vya mabomba ya maji vinavyouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, ili fundi wa kijijini aweze kukiunga. Katika baadhi ya nchi wakatumia mabakuli ya jikoni, la chuma chini na la kioo juu, ili wenye dhahabu waendelee kuitazama. Jawabu hilo la kioo nalipenda, maana aliyelifikiria aliyaheshimu macho ya watu. Lakini bakuli la kioo halijibu swali la nani ananunua zebaki.

Nje ya machimbo, Shinyanga kuna somo la namna hiyo hiyo lililofika mwisho mwema. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa sababu mkoa ulikuwa unageuka jangwa. Misitu ilikuwa imefyekwa kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na mwitikio ukawa hafifu. Baadaye maofisa wakageukia ngitili, eneo ambalo Wasukuma hulifunga msimu wa mvua ili nyasi na miti viote, kisha hulifungua kiangazi ng'ombe wapate malisho. Mipaka yake inajulikana, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati anajibu mbele ya dagashida, baraza la jadi. Ngitili zilizokuwa takribani hekta 600 mwaka 1986 zikapita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Shinyanga ya wakati huo iliyojumuisha wilaya ambazo leo ziko Simiyu na Geita. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mfugaji hakuambiwa asubiri miaka ishirini mti ukomae. Kiangazi kilichofuata tayari ng'ombe wake walikuwa na cha kula.

Zebaki bado haijapata mwisho kama huo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na madonge bado yanachomwa juu ya mkaa. Kazi ya kutafuta dawa ambayo wachimbaji wataendelea kuitumia iko wazi, na nawaomba ninyi muichukue. Mkishafika umri wa kuruhusiwa machimboni, nendeni mwaloni jioni, simameni mbali, upande upepo unakotokea. Tazameni mikono ya watu na nani anamtazama nani. Ulizeni zebaki imetoka kwa nani na mgao unafanywaje. Mkishajibiwa ndipo mwende chuo cha ufundi cha VETA, au ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkakate bomba la kwanza.