Reli Zilizokufa na Maneno Yaliyobaki: Njia za Namasagali na Nachingwea

Ikisiri

Makala hii inafafanua historia ya njia mbili za reli za kikoloni ambazo hazitumiki tena: ya Jinja hadi Namasagali nchini Uganda, na ya kusini mwa Tanganyika iliyofika Nachingwea. Inaeleza sababu za kujengwa na kufa kwake, kisha inachunguza msamiati na majina ya mahali yaliyoachwa na reli. Inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa lugha, urithi na uchukuzi.

1.0 Utangulizi

Historia ya reli katika Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kupitia njia kuu: ya Mombasa iliyofika Kisumu mwaka 1901, na ya Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914. Njia kuu zingali zinaonekana. Njia ndogo, kwa upande wake, zimeng'olewa au kufunikwa na vichaka, na pamoja nazo hupotea ushahidi wa namna uchumi wa kikoloni ulivyopangwa. Ushahidi huo una thamani leo, kwa kuwa kanda hii imeingia tena katika enzi ya kujenga reli.

2.0 Namasagali: Reli Iliyoungana na Meli

Mto Naili, unapotoka Ziwa Viktoria, hupita katika maporomoko yasiyopitika kwa meli. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, ilijengwa ili kuyakwepa. Kwa urefu wa takriban kilometa 100, iliunganisha Jinja na bandari ya Namasagali, ambako meli za Ziwa Kyoga zilitia nanga. Shehena yake kuu ilikuwa pamba. Marobota yalishushwa Namasagali, yakapakiwa katika treni hadi Jinja, yakavushwa ziwani hadi Kisumu, ndipo yakaanza safari ya Mombasa. Mwaka 1928 njia iliyotoka Tororo iliungana na reli hiyo huko Mbulamuti, na haja ya kuivusha pamba ziwani ikapungua.

Mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha maji ya maziwa ya kanda hii. Bandari ya Namasagali ilifurika, huduma za meli zikakoma, na reli iliyoitegemea ikakosa kazi. Katikati ya miaka ya 1960 majengo ya bandari yaligeuzwa kuwa shule. Leo mahali hapo pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema.

3.0 Nachingwea: Reli ya Zao Moja

Njia ya pili ilizaliwa na Mradi wa Karanga, uliobuniwa na serikali ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula. Maeneo yaliyochaguliwa Tanganyika yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa kusini hakukuwa na reli, njia mpya ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, na kufika Nachingwea mwaka 1949. Baadaye iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara yenye kina kirefu, iliyokamilika mwaka 1954.

Mfuatano wa miaka unaeleza tatizo lenyewe. Mradi ulitupwa mwaka 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Bandari ilikamilika miaka mitatu baada ya shehena iliyokusudiwa kutoweka. Njia hiyo haikuunganishwa na reli nyingine yoyote nchini, na mazao mengine ya kusini hayakutosha kuigharimia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na kung'olewa.

4.0 Reli katika Lugha

Msamiati wa reli unaonyesha njia mbili ambazo Kiswahili kilitumia kupokea teknolojia ngeni. Njia ya kwanza ni kukopa: reli, stesheni, tikiti, injini na treni yametoka katika Kiingereza. Njia ya pili ni kupanua maana za maneno yaliyokuwapo. Behewa, lililotaja ua wa ndani wa nyumba, lilipewa maana ya chumba au gari la treni. Taruma, lililotaja kipande cha kuimarishia chombo au jengo, lilihamia kwenye vipande vinavyolaliwa na vyuma vya reli. Gari la moshi liliundwa na wasemaji kutokana na walichokiona.

Majina ya mahali nayo ni hifadhi ya historia. Mashamba ya Mradi wa Karanga yalipewa namba. Shamba namba 17, karibu na Nachingwea, baadaye lilikuwa kambi ya FRELIMO. Hivyo namba ya daftari la mkoloni ikaingia katika historia ya ukombozi wa Msumbiji. Jina la namna hii likibadilishwa bila kurekodiwa, kiungo kati ya vipindi viwili hukatika.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Njia hizi mbili zilikufa karibu wakati mmoja kwa sababu tofauti, lakini udhaifu wao ni wa aina moja: kila moja iliegemea nguzo moja. Namasagali ilitegemea meli, Nachingwea ilitegemea karanga. Somo hili linahusu mipango ya sasa, ikiwemo ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo hoja yake kubwa ni makaa ya mawe na chuma cha Mchuchuma na Liganga.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, tathmini ya kila njia mpya ieleze itabeba nini endapo shehena yake kuu itakosekana. Pili, mabaraza ya Kiswahili na mamlaka za reli zikusanye istilahi za wafanyakazi wa reli kabla ya kuunda mpya. Tatu, masimulizi na majina ya mahali kando ya njia hizi yarekodiwe haraka. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1962 sasa amevuka miaka 80. Tuta la reli laweza kusubiri mtafiti. Kumbukumbu yake haiwezi.