Kwa nini nesi na mfamasia nao wafundishwe meno ya mtoto

Mtoto wa Tanzania hupita mikononi mwa wahudumu wengi wa afya kabla hajajua kusema vizuri. Akiwa na wiki 6, 10 na 14 yupo kliniki kwa chanjo. Anarudi akiwa na miezi 9, kisha miezi 18, na katikati ya hapo kuna mizani ya kila mwezi. Akipata homa au akiharisha, anapelekwa zahanati. Humo kote anakutana na mkunga, nesi, tabibu, daktari na mtu wa dirisha la dawa.

Daktari wa meno hayumo kwenye orodha hiyo. Wazazi wengi humtafuta siku shavu limevimba na mtoto amelia usiku kucha. Kwa wakati huo mara nyingi lililobaki ni kung'oa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 inasema watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vya afya vimeanza kujiuliza: kwa kuwa mtoto anaonwa na nesi mara nyingi hivyo kabla hajamfikia daktari wa meno, kwa nini nesi huyo asifundishwe kutazama mdomoni?

Jino halioizi kwa siku moja

Meno ya kwanza huota mtoto akiwa na miezi 6 hivi, na kufikia miaka 3 wengi wanakuwa na meno yote 20 ya utotoni. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo humomonyoa ganda la nje la jino.

Dalili ya mwanzo si tundu. Ni mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, hasa kwenye meno ya mbele ya juu. Hatua hiyo bado inaweza kurudishwa nyuma kwa mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na kupunguza sukari. Mstari ukiachwa hugeuka kahawia, kisha jino linatoboka.

Kuuona mstari huo hakuhitaji mashine. Mhudumu na mzazi wanakaa wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto anakaa mapajani kwa mzazi akimtazama, halafu analazwa chali kichwa kikiwa mapajani kwa mhudumu. Mhudumu anainua mdomo wa juu kwa kidole na kutazama. Mtoto anaweza kulia kidogo, lakini kazi inaisha ndani ya dakika chache.

Wapo wanaosema meno ya utotoni yatang'oka tu, ya nini kuhangaika? Lakini magego ya utotoni hukaa mdomoni mpaka mtoto ana miaka 10 au 12. Yakiuma, mtoto hali vizuri, halali vizuri na hasomi vizuri. Usaha wake unaweza kuharibu jino la ukubwani linalokua chini yake, na maambukizi yanaweza kusambaa usoni na kumlaza hospitali.

Wanafunzi wa kada mbalimbali darasa moja

Chuo Kikuu cha New York nchini Marekani ni mfano unaotajwa sana. Mwaka 2005 chuo chake cha uuguzi kiliwekwa chini ya chuo cha meno, na ukaribu huo ukazaa mafunzo ya pamoja kwa wanafunzi wa uuguzi, ukunga, udaktari na meno.

Walimu wao waligundua kasoro ndogo yenye madhara makubwa. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi hufundishwa kumpima mgonjwa kwa mpangilio: kichwa, macho, masikio, pua, koo. Kwa Kiingereza mpangilio huo hufupishwa HEENT. Ukiutazama, unaona mtu anaruka kutoka puani hadi kooni, na meno na ufizi havimo. Mwaka 2015 Judith Haber na wenzake waliandika katika jarida la American Journal of Public Health wakitaka herufi ya kinywa iongezwe, isomeke HEENOT. Herufi moja tu, lakini inamlazimisha mwanafunzi asimame mdomoni kabla ya kufika kooni.

WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, ilieleza kwamba mafunzo ya aina hii ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Kwa hiyo si daktari wa meno kuja kuhubiri na kuondoka. Mwanafunzi wa meno anamwonyesha mwenzake wa uuguzi namna ya kutazama ufizi na kupaka vanishi ya floraidi. Wa uuguzi naye anamwonyesha namna ya kuzungumza na mama aliyechoka bila kumfanya ajione mzazi mbaya.

Katika jimbo la North Carolina, madaktari wa watoto na manesi wamekuwa wakifundishwa kukagua meno, kupaka vanishi, kushauri wazazi na kutoa rufaa kwa watoto wadogo wa familia zenye kipato cha chini. Watafiti waliowafuatilia watoto hao waliona kwamba waliohudumiwa mara 4 au zaidi walihitaji matibabu machache zaidi ya meno yaliyooza.

Kila mmoja ana lake la kuona

Mkunga ndiye wa kwanza kukutana na mama. Anaweza kumweleza mjamzito kwamba ufizi unaotoka damu unatibika, na kwamba mswaki wa mtoto unaanza na jino la kwanza.

Mfamasia anajua jambo ambalo wengi hawalifikirii: dawa nyingi za maji za watoto zina sukari. Kwa kikohozi cha siku 5 si tatizo kubwa. Lakini mtoto mwenye selimundu, kifafa au ugonjwa mwingine wa kudumu anaweza kunywa dawa kila siku kwa miaka. Neno moja la dirishani linasaidia: mpe dawa kabla ya kupiga mswaki wa usiku, au mpe maji baada yake. Dawa yenyewe isiachwe.

Mtaalamu wa lishe anaona uji wenye sukari nyingi na chupa ya juisi ambayo mtoto analala nayo. Daktari anayemhudumia mtoto mwenye ugonjwa wa moyo anajua kwamba bakteria wa jino bovu wanaweza kuingia kwenye damu na kushambulia moyo.

Huku kwetu kuna la ziada. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara maji yana floraidi nyingi kiasili, na meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia. Nesi aliyefundishwa hatamwambia mama kwamba mtoto hapigi mswaki.

'Meno ya plastiki': hapa maisha yamo hatarini

Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, anatapika. Jirani au bibi anagusa ufizi, anaona uvimbe mweupe, anasema ni 'meno ya plastiki' na lazima yatolewe. Mtoto anapelekwa kwa mtu anayechokoa ufizi kwa kifaa kisicho safi.

Kinachotolewa hapo ni chonge la mtoto ambalo halijaota. Ule uvimbe ni jino la kawaida likiwa njiani. Matokeo yanaweza kuwa kutokwa damu nyingi, maambukizi, pepopunda, hata kifo. Anayepona anaweza kubaki na pengo au meno ya ukubwani yaliyopinda. Na kile kilicholeta homa, iwe malaria, nimonia au kuharisha, kinaendelea bila tiba.

Mama huyo hamwendei daktari wa meno kuuliza. Kama atauliza, atamuuliza nesi wa zahanati. Nesi aliyekulia katika jamii hiyo hiyo, na ambaye chuoni hakuonyeshwa ufizi wa mtoto mchanga, anaweza kukaa kimya au kukubaliana naye. Aliyefundishwa atasema, "Mama, hili ni chonge linakuja. Kinachomsumbua ni kuharisha, tumpe ORS na zinki, na tumpime malaria."

Mzazi, wewe ufanye nini?

Usisubiri vyuo vibadilishe ratiba. Unaweza kuanza hivi:

- Inua mdomo wa juu wa mtoto mara moja kwa mwezi, penye mwanga. Ukiona mstari mweupe au doa la kahawia, nenda kwa daktari wa meno kabla hajaumwa.
- Mswaki mara 2 kwa siku tangu jino la kwanza. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere. Mpigie wewe mpaka afike miaka 7 hivi.
- Asilale na chupa ya juisi, soda au maziwa yenye sukari. Usiku ni maji tu.
- Angalia gego jipya nyuma kabisa mtoto akifika miaka 6. Hilo ni la kudumu, halina mbadala.
- Dirishani uliza: "Dawa hii ina sukari?"
- Akiharisha au akipata homa, mpeleke kituo cha afya. Usikubali ufizi wake uguswe na yeyote mtaani.

Na chanjo ya miezi 9 ni nafasi nzuri, kwa sababu meno ya kwanza mara nyingi yameshatoka. Kabla hujachukua kadi kuondoka, mwombe nesi amtazame mtoto mdomoni. Akisema hajafundishwa, mwombe akuelekeze kwa wa kitengo cha meno, kwani hospitali nyingi za wilaya zinacho.